Mpaka Amos Afike

Jumamosi hiyo mchana, bendi ya Kiwira Stereo kutoka Mbeya ilipanga viti vya plastiki katika ukumbi mmoja pale Mazwi, ikafuta vumbi kwenye spika, ikasubiri watu. Watu hawakuja. Aliingia muuza karanga mmoja tu, na yeye alikuwa anakimbia jua.

Kosa lilikuwa la bendi yenyewe. Asubuhi walizunguka na gari la matangazo mpaka Kizwite, muziki juu, wakapita mbele ya nyumba yenye turubai na wanaume wamekaa kwenye mabenchi. Jamani! Mtu yuko ndani ya sanduku, wewe unamwalika jirani yake aje kucheza? Wenyeji, Wafipa, hawakuwagombeza. Waliwapungia mkono kwa adabu, wakabaki msibani.

Baadaye akaingia marehemu mwenyewe, mzee Valerian, na suti yake ya kuzikiwa, pamba puani. Atusaye, mwimbaji, alimwamkia shikamoo, akamfutia kiti cha mbele.

"Marahaba, mwanangu," mzee alisema. "Nimewasikia mkipita. Muziki ukiendelea, mimi nakaa hapa. Ukikatika, narudi kwenye sanduku, wanazika."

"Kwani hutaki kuzikwa, mzee?" aliuliza Andwele, kiongozi wa bendi na mpiga gitaa.

"Nataka, tena sana. Lakini nikishazikwa tu, ukoo unakaa kikao, na mke wangu Silvana hakujaliwa mtoto. Ndugu zangu watamtoa kwenye nyumba. Wa kumsemea ni kaka yake, Amos, na basi lake kutoka Kabwe limepata pancha Chala. Pigeni mpaka Amos afike."

Wakapiga. Wimbo mmoja ulipokaribia kuisha waliuunganisha na mwingine, na mwingine tena. Herman kwenye ngoma alikuwa anatoka jasho na huku macho yake yako mlangoni. Kila basi lilipopiga honi barabarani, Atusaye alinyoosha shingo kuchungulia. Hakuwa Amos.

Mdogo wa marehemu, Dominiko, alikuja na bodaboda, akavua kofia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Kaka, sanduku ni jepesi, wabebaji wamelirudisha chini. Padre ana misa nyingine Laela. Watu wamechoka kusubiri."

"Sema kwanza kwamba Silvana anabaki kwenye nyumba."

"Hayo tutazungumza baada ya mazishi," Dominiko alisema. Akasimama kidogo, akasikiliza muziki, akasema wanapiga vizuri, akaondoka.

Umeme ukakatika. Spika zikafa, ikabaki ngoma ya Herman na sauti ya Atusaye, ambayo ilishaanza kukwaruza. Andwele aliendelea kupiga gitaa lisilosikika. Atusaye aliogopa hata kumeza mate. Mzee Valerian alikaa wima, mikono magotini, akitikisa mguu kufuata mapigo.

Wakafika kwenye wimbo wao wa kuagia. Waliuimba kila mji waliopita, na kila mji mwisho wake ulikuwa uleule: Andwele huinua shingo ya gitaa, wote wanakata pamoja. Walipofika pale, mkono wa Andwele ulijiendea wenyewe. Shingo ya gitaa ikapanda, na wote wakakata. Walikata vizuri ajabu, hata Herman hakuchelewa.

"Mungu wangu," Andwele alisema.

Herman akaipiga ngoma haraka, lakini mzee alishasimama. Aliwapigia makofi, akafunga vifungo vya koti.

"Asanteni, wanangu. Mmejitahidi," alisema, akatoka.

Mazishi yalikwenda bila shida, sanduku likiwa na uzito wake. Watu walikula, wakanawa, na wale wasio wa ukoo wakateremka Mazwi kuja kuisikiliza bendi, maana sasa hapakuwa na ubaya. Umeme ulisharudi. Viti vikajaa, wengine wakasimama ukutani.

Silvana aliingia wa mwisho, amejitwisha godoro. Watu walimpa pole, wakasogea apate pa kuliweka. Alikwenda mpaka jukwaani.

"Ndio ninyi mliokuwa mnapiga?"

"Ndio, mama," Atusaye alisema kwa sauti iliyobaki.

"Mngevuta kidogo tu. Amos ameshuka kwenye basi sasa hivi, amenipigia simu anauliza njia ya nyumbani, na mimi sina pa kumwelekeza."

Akakaa juu ya godoro lake. Watu walikuwa wanasubiri, kwa hiyo Andwele akakaza nyuzi za gitaa, na bendi ikaanza.