Swali la Mama Enock

Hebu nikutegee, na usikimbilie kujibu: mgeni gani huingia nyumbani bila kupita mlangoni, akaongea na mtu mmoja tu, wengine wote wasimsikie? Umeshindwa. Ni zile sauti za ugonjwa wa akili. Zilimfuata Masalu kutoka machimbo ya Geita mpaka kwao Samuye, na kwa amri ya sauti hizo akamuua jirani yao, Enock, kwa jembe.

Mahakama ikampeleka hospitali, si jela. Miaka imepita, dawa zimemkubali, na leo kaletwa ofisi ya kijiji ili wanakijiji waulizwe: arudi, au asirudi?

Justa, mama yake, alikaa pembeni. Mama Enock akikataa, mtoto ndiyo basi tena.

"Shikamoo, mayu," Masalu alimwamkia Mama Enock, akimwita mama kwa Kisukuma. Marahaba haikuja.

"Kanenepa huyu!" mzee Maganga, mwenyekiti, alijaribu utani. "Ugali wa serikali hauna mchanga, eeh?"



Mama Enock akasimama. "Mimi nina swali moja tu. Masalu, sauti zikirudi, utamwambia nani?"

Masalu akatazama sakafu.

"Ataniambia mimi," Justa alidakia. "Si ndiye mama yake?"

"Mama Masalu," muuguzi Noela, aliyemleta Masalu, alimkatiza taratibu, "kaulizwa yeye. Kule wodini tumemzoesha kujisemea."

"Anaona haya, mwacheni!"

"Haya?" Mama Enock akamgeukia. "Siku zote zile alikuwa anagombana na ukuta, wewe ukamfungia ndani. Mwano hukupiga!"

Justa akanywea. Ni kweli. Yowe la mwano likipigwa, sungusungu wa kijiji hutoka na fimbo na mishale, naye aliogopa watammaliza mwanawe. Akawa anaimba kwa nguvu, majirani wasisikie. Mpaka mlango ulipovunjwa kutoka ndani.

Sasa alimkazia macho Masalu: sema ni mama, mwanangu, sema mimi, twende nyumbani. Midomo ya Masalu ikacheza bila neno, na Justa akaikumbuka siku ile. Je, hata hapa sauti zinamsemesha?

"Hatuna haraka," Noela alisema.

Masalu akainua uso, akamtazama Mama Enock.

"Wewe," alisema. "Nitakuja kukwambia wewe. Mama yangu atanificha."