Mkanda wa Tozi

Jamani, shangazi yangu ni fundi cherehani, na kwake yeye hakuna tatizo lisiloshoneka. Paka wetu mdogo, Tozi, alikuwa na kivimbe kitovuni. Daktari wa mifugo akatuambia ni ngiri, bado laini, ukiigusa inarudi ndani, tuiangalie tu kila siku. Shangazi akafanya nini? Akamshonea mkanda! Wa lastiki, na pindo juu, utadhani Tozi anaenda harusini.

"Haitoki tena hiyo," akajisifu.

Kweli haikutoka. Ila na kuiona hatukuiona tena.

Leo asubuhi Tozi kagoma kula. Mara akatapika, tena juu ya kitambaa cha mteja. Shangazi analilia kitambaa, mimi niko chini ya meza namtafuta Tozi. Kajikunja huko, analia kwa sauti nisiyoijua.

Nikamvua mkanda. We! Kivimbe kigumu kama kokwa, cha moto, kimegeuka zambarau. Nilipokigusa tu, akaning'ata. Tozi huyu huyu anayekimbia mende!

Nikampigia daktari, simu nikaiweka sauti ya nje.

"Kinarudi ndani?"

"Hakirudi! Kigumu, kina moto, na anatapika."

"Usikibonyeze, usimpe chochote. Utumbo umebanwa. Mlete sasa hivi."

Shangazi akadakia, "Si wewe daktari ulisema hakina neno?"

"Kikiwa laini, mama. Hiki sicho kile."

"Basi ngoja nimalizie upindo, mteja yuko njiani..."

"Shangazi, gauni halifi!"

Nikamtia Tozi kikapuni, mimi huyo, mbio! Nilijua ninachofanya, wala sikugeuka nyuma.

Kufika kliniki, wakampeleka moja kwa moja kupasuliwa. Nimekaa kwenye benchi, mara shangazi huyo, tepu shingoni, ndala moja yake, moja yangu.

"Ni ule mkanda, eti?" akaniuliza.

Daktari alipotoka ndiye aliyemjibu. "Mkanda hautibu ngiri, mama, unaificha tu. Lakini utumbo tumeukuta bado mzima. Mngengoja mpaka jioni, tungekuwa tunazungumza mengine."

Tukaingia. Tozi kalala, tumbo limenyolewa, anahema vizuri. Shangazi akafuta machozi kwa kiganja, akainama, akaukagua mshono kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Umenyooka," akasema. "Ila uzi huo, daktari, ungeniuliza."