Sura ya Kristian

Ilibidi watoe fremu ya mlango ndipo printa iingie. Rahabu alisimama barabarani, mikono kifuani, akiwaangalia wabebaji wakiipitisha taratibu, huku wauza matunda wa karibu na stendi wakiulizana kama studio ile sasa inageuzwa kuwa mashine ya kusaga.

Ilikuwa printa ya picha, ndefu kama benchi la kanisani, inayokula karatasi ya roli na wino wa rangi nane. Kwa miaka mingi Rahabu alipiga picha za paspoti, za kipaimara na za harusi hapo Lushoto mjini, na kila mteja aliyetaka picha kubwa ya ukutani alimwelekeza Tanga. Baba yake alipofariki alimwachia kiwanja. Akakiuza, akanunua mashine. Kaka zake wakaacha kumpigia simu.

Aliyemuuzia alimpa onyo: mashine hii usiiache ilale. Ikikaa bila kazi, wino hukauka kwenye vitundu vya kichwa chake, na kichwa kikishaziba ni hasara kubwa. Lakini mwaka ule Kwaresima na Ramadhani zilikutana, harusi zikasimama kwa wote, na mvua za masika zikawa zinakata umeme kila mara. Asubuhi Rahabu alichapa vipande vya rangi tupu akavitupa, ili wino utembee tu. Alianza kuiogopa mashine yake kama mtu anayeuguza: akipita anachungulia kama mgonjwa bado anapumua.

Ndipo akaja mzee Stephano kutoka Mtae.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa una mashine ya kutoa picha kubwa kama mtu."

Hakukaa alipokaribishwa. Alieleza akiwa wima, kofia mkononi. Kristian, mtoto wa marehemu kaka yake, alikwenda kusini kuchimba madini. Mvua ikanyesha, shimo likaporomoka. Waliokuwa ndani hawakutolewa. Wenzake walipiga simu wakasema mahali pale pamefukiwa na hakuna anayeruhusiwa kusogea.

"Jeneza hatuna," alisema. "Kaburi hatuna. Ukoo tumekaa tukaona, siku ya ibada angalau iwekwe picha yake pale mbele, kubwa, hata aliyekaa mlangoni aone anamuaga nani."

Akatoa simu. Ilikuwa picha ya harusi, na Kristian alikuwa nyuma kabisa, kati ya vijana wenzake, uso wake haukuzidi punje ya mahindi. Nyingine haikuwepo. Picha zake mwenyewe zilikuwa kwenye simu aliyoingia nayo shimoni.

Rahabu aliihamishia kwenye kompyuta, akaivuta. Uso ukavunjika, ukawa viraka vya kahawia na kijivu.

"Baba, hii haikubali. Nikiikuza unavyotaka atakuwa ukungu mtupu."

"Hakuna namna?"

Namna ilikuwepo. Kompyuta ilikuwa na programu ya kusafisha sura. Rahabu akabonyeza, wakasubiri. Uso ukajikusanya: macho yakapata mboni, nyusi zikachongeka, midomo ikapata ukingo. Kijana mzuri akawa anawatazama.

"Baba, nikuambie ukweli. Pale ambapo picha haikuonyesha kitu, mashine imejazia yenyewe. Imekisia. Wewe ulimfahamu vizuri?"

"Mimi miaka mingi nilikuwa Korogwe, kwenye mkonge, nimerudi Mtae juzi tu. Nilimwacha akiwa mdogo." Mzee akasogea karibu na kioo. Machozi yakamtoka. "Ndiye. Macho ya ukoo wetu hayo. Toa."

"Mama yake asingeiona kwanza?"

"Mama yake hajala vizuri tangu simu ile. Tusimsumbue. Toa, mwanangu."

Rahabu angeweza kukataa. Lakini printa ilipoanza kunguruma na karatasi ikashuka polepole, paji la uso, macho, pua, alisikia furaha iliyomwaibisha. Hatimaye ilikuwa inafanya kazi iliyonunuliwa kufanya.

Siku ya ibada alikwenda Mtae pamoja na picha, maana walimwomba pia apige picha za tukio. Waliitundika kwenye fremu ya mbao mbele ya madhabahu, mashada pande zote. Kanisa lilijaa. Kisha wanawake wakamwingiza mama yake Kristian, Evelina, wakimshika huku na huku.

Alipofika mbele aliinua macho. Akaiondoa mikono ya wale wanawake, akasogea mpaka karatasi ikawa karibu na pua yake. Alisema kitu kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini. Halafu akageuka na kukirudia kwa Kiswahili, mchungaji na wageni wasikie.

"Huyu ni nani?"

"Shemeji," Stephano akasema, "ni Kristian."

"Kristian alijikata na mundu hapa, unyusi ukagawanyika. Huyu hana kovu. Mdomo huu si wake. Huyu ni mtoto wa watu. Mnataka nimlilie mtoto wa watu?"

Rahabu aliona uso wa mama yule ukibadilika, na mabadiliko yale yalimtisha kuliko kilio. Ulikuwa unapata nuru.

"Mwili hamna," Evelina alisema. "Sura mliyoleta si yake. Basi nani amekufa?"

Akatoka kanisani akitembea mwenyewe, bila kushikwa. Ibada haikuendelea.

Siku zilizofuata Rahabu hakuigusa printa. Stephano alipopiga simu, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Evelina ametoa godoro la Kristian juani, alisema. Anapika chakula cha watu wawili. Mlango haukomei jioni. Wanaokuja kumpa pole anawafukuza. "Anasema kama tumekosea sura, tumekosea na kifo. Mwanangu, wewe uje uongee naye. Mimi hanisikii tena."

Rahabu aliirudia picha ya harusi, safari hii bila kuisafisha, akaikata uso na mabega tu, akaichapa ndogo, kiasi cha ukurasa wa daftari. Ilitoka na mistari myeupe usoni. Vitundu vilikuwa vimeziba. Alisafisha kichwa, akachapa, akasafisha tena, mpaka ikatoka. Ilikuwa ukungu, lakini ukungu wake mwenyewe Kristian.

Huko Mtae alimkuta Evelina uani akipepeta maharage, kanga safi kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa ile picha."

"Ndiyo, mama. Ulisema kweli, ule uso uliundwa na mashine. Nilimwambia baba Stephano, lakini aliyeuchapa ni mimi. Hii ndiyo picha yenyewe, kama simu ilivyomwona."

Evelina aliweka ungo chini, akajifuta mikono, akaipokea. Aliiangalia kwa muda mrefu. Rahabu akajikuta anaomba moyoni mama yule aseme tena kwamba siye.

"Anavyoinamisha kichwa," Evelina alisema. "Sikio hili lilimuuma toka utotoni, akazoea kuliegemeza. Nilimkemea sana." Akapitisha kidole juu ya ukungu ule. "Huyu ndiye."

Kisha akasema: "Kwa hiyo ndiye aliyeingia mle."

Alikaa chini palepale, maharage yakamwagika, na kilio kilichokuwa hakijatoka tangu ile simu kikatoka chote, kikashuka bondeni. Milango ya jirani ikafunguka. Stephano alikuja mbio, akasimama mlangoni mwa ua, akamtazama shemeji yake, akamtazama Rahabu. Hakumshukuru wala hakumlaumu.

Wanawake waliingia mmoja baada ya mwingine, wakamwinua Evelina, wakamwingiza ndani. Rahabu alibaki uani na mkoba wake, hajui kama ameleta dawa katika nyumba ile au ameua mara ya pili. Gari la kurudi Lushoto halikuwepo mpaka kesho.

Jenoveva, jirani, akatoka jikoni na beseni la viazi na kisu.

"Watu watakuja wengi leo," alisema, akimkabidhi. "Kaa hapo umenye."

Rahabu akavuta kigoda, akakaa, akaanza kumenya.