Nafasi ya Mpiga Piano

Mzee Sponji alikuwa fundi makochi, na kochi ukilipasua mgongo linakutapikia siri za wenyewe: vijiko, hereni, safari moja hata meno ya bandia. Santuri hakuwahi kukuta. Hii aliikuta imesimama wima kati ya ubao na gunia, ndani ya jalada lake, safi kama imewekwa jana. Mwenye kochi alishahama mji bila kulifuata. Kwenye picha ya jalada walikuwepo wanaume watatu na ala zao, saksafoni, besi na ngoma, na nyuma yao piano yenye kiti kitupu.

Akaipeleka kwa jirani yake, fundi redio.

"Hee, Sponji! Umri huu ndio unaanza jazi?" fundi akacheka. "Wenzio walishaanza, wakaacha, wengine tumeshawazika."

"Kwani ni kitu gani?"

"Santuri kubwa hii, mzee. Wapenzi wa jazi wanaiapia. Siku ya kurekodi mpiga piano hakutokea. Wenzake wakapiga hivyo hivyo, wakamwachia nafasi zake. Saksafoni inauliza, halafu kimya. Wanasema ndio utamu wake. Mimi inanitia ubaridi, sijui kwa nini."

Akamwazima gramafoni iliyokosa mwenyewe.

Sasa, Sponji alikuwa mtu wa watu. Enzi za mkewe, sebule yake haikukauka wageni. Umbea wa mtaa mzima ulipita pale kwanza, ukakaguliwa, ndipo ukaruhusiwa kuendelea na safari. Mke alipofariki wageni wakapungua, mmoja mmoja, kama nywele za kichwani kwake. Na binti yake alishaamua kumhamishia kwake, ghorofa ya nne, ambako watu wazima wanakwenda kazini, watoto shule, na mlango unafungwa kutwa.

"Nitaongea na nani huko? Na friji?"

"Baba, huwezi kukaa peke yako. Nakuja kukuchukua, na safari hii sibembelezi."

Kuhama mtaa ule kwa Sponji kulikuwa sawa na kuzikwa huku unaona.

Alasiri hiyo akaweka sindano kwenye santuri. Saksafoni ikaingia taratibu kama mtu anayepiga hodi, ikapandisha mkia wa sauti, ikanyamaza. Ikabaki besi peke yake, inatembea. Mdomo ukamwasha Sponji.

"Wazima humu. Karibu."

Saksafoni ikarudi kwa sauti ya chini, kama mtu anayevuta kiti akae. Ikauliza tena. Sponji akaisimulia habari za fundi cherehani na mume mpya. Ikaangua kicheko, kicheko hasa, cha kushika mbavu.

Tangu siku ile hakula chakula cha mchana peke yake. Akitia chumvi kwenye habari, saksafoni inaguna. Akikatisha njiani, inamhimiza. Siku moja akafunga mdomo makusudi, aone. Saksafoni ikauliza. Kimya. Ikauliza tena swali lile lile, na sindano haikurudi nyuma. Aliikodolea macho, ilikuwa inakwenda mbele kama kawaida. Mara ya tatu ikauliza kwa ukali.

"Basi, basi! Nasema!"

Alijua si jambo la kawaida. Lakini akajipa moyo: afadhali mgeni wa ajabu kuliko kiti kitupu. Sauti yake nayo ikaanza kukwaruza. Wateja wakamtania, "Sponji, umemeza sufi?" Akacheka nao, na kicheko kikatoka nusu.

Binti akaja na mkoba wa kutilia nguo za baba mkononi.

"Baba, mbona husemi?"

Akaonesha koo lake. Kisha, ili binti aone kwamba pale hakosi mwenzake, akawasha gramafoni. Saksafoni ikauliza, ikanyamaza, naye akavuta pumzi ajibu.

Piano ikajibu.

Ilianza kwa kikohozi kidogo, vibonye viwili, halafu ikaenda mbio, ikajikwaa, ikarudi nyuma kurekebisha, ikasonga. Binti alilelewa na mwendo ule wa maneno. Akaweka mkoba chini.

"Baba. Huyo ni wewe."

Sponji akafungua mdomo. Ikatoka hewa tu, kama sponji iliyokaliwa.

Binti akamtazama, akaitazama gramafoni, na bila kujua kwa nini akaiuliza gramafoni:

"Baba, tunaondoka?"

Ala zote zikanyamaza. Piano ikajibu peke yake: kwanza "hapana" fupi, ya chini, kisha ile ndefu ya kubembeleza, vile vile alivyomkatalia mambo tangu utotoni. Sponji akatikisa kichwa kwa nguvu. Nichukue, alitaka kusema, nichukue sasa hivi. Lakini macho ya binti hayakuwa kwake tena.

"Nimesikia," akanong'ona. Akauacha mkoba pale pale, akatoka kinyumenyume. Nje akamwambia mtu wa kwanza aliyekutana naye. Kwa bahati mbaya alikuwa mama muuza mitumba, na ukimwambia huyo umeutangazia mji.

Kesho yake sebule ikafurika. Viti vikajaa, watu wakakalia mikono ya makochi. Piano ikamwaga umbea, na wao, kwa mdundo tu, wakatambua nani anasemwa, wakaanguka kwa vicheko. Sponji akazunguka na sinia ya chai. Hakuna aliyemuuliza kitu. Waliiuliza gramafoni.

Kisha piano ikatulia, na saksafoni ikatoa swali jipya, laini, kama linaloelekezwa pale alipoketi mama mitumba. Nafasi ikabaki wazi.

"Enhe! Umefika kwa mwenyewe," akasema, akijiweka sawa. "Huyo Sponji anajua robo tu."

Sinia ikaanguka. Sponji akaruka katikati ya watu, kidole mdomoni, mkono mwingine ukipunga hapana, hapana, macho yamemtoka.

"Mwacheni, mzee anacheza jazi!" wakashangilia, wakampigia makofi.

Akainyooshea sindano mkono. Wakamvuta shati, wakamkalisha. "Acha bwana, ndiyo kwanza inanoga!"

Mama mitumba akavuta pumzi. "Sogeeni niwaambie..."

Na chini ya maneno yake, mbali kabisa ndani ya santuri, tarumbeta ikasafisha koo.