Liki Kwenye Kiti cha Abiria

Jumatatu ya kwanza ya Machi, saa mbili na robo asubuhi, Audrey Spoors aliweka simu mezani jikoni, akafungua spika, akaendelea kupaka mkate siagi huku binti wa kampuni ya bima akimsomea maswali. Bima ya gari ilikuwa inaisha Ijumaa. Audrey alihudumia wazee wanane waliotawanyika kwenye vilima vya Durham, kaskazini mwa Uingereza: kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwachemshia chai. Basi la huko lilishafutwa. Bila bima hana gari, na bila gari hana kazi.

"Una hatia yoyote ya mahakama ambayo muda wake haujaisha?"

"Ninayo. Ya Novemba. Nilikata liki za jirani."

"Ulikata nini?"

"Liki, mwanangu. Nne. Kwa kisu cha mkate."

Kwetu Eppleburn asingeulizwa mara mbili. Kwingine liki ni jani tu, ndugu yake kitunguu, la kutia kwenye supu. Sisi wa migodi ya makaa tunailea mwaka mzima vizuri kuliko tunavyolea watoto, na Septemba tunagombania kombe nayo. Jirani yake, Wilf Nesbit, mzee wa miaka sabini na mmoja, alitamka kwenye baa kwamba mwanamke hajui kulea liki. Asubuhi ya maonyesho liki zake zilikutwa zimelala chini. Audrey alikiri, akatozwa faini, akalipa siku ileile. Alijuta sana, maana liki hazikuwa zimemkosea.

"Na hiyo liki ya hatia iliyoota garini ina unene gani?" binti aliuliza.

"Ngoja nikapime."

Ilichipua siku ya hukumu, kwenye mshono wa kiti cha mbele cha abiria. Sasa ilikuwa nyeupe chini, majani yakigusa dari. Audrey aliizungushia utepe akarudi ndani.

"Inchi kumi na moja."

"Basi utalipa mara mbili na nusu ya mwaka jana."

"Miaka thelathini naendesha, sijagonga hata kuku!"

"Naona hapa, mama. Hongera sana."

Jumatano aliuza banda la kioo la marehemu baba yake, alimooteshea miche tangu akiwa msichana. Wanaume wawili walilipakia kwenye lori kioo kimoja kimoja. Audrey alilia dirishani, akanawa uso, akaenda kazini. Liki alikuwa ameifunga mkanda, kwa sababu asipoifunga gari hupiga kelele.

Wazee wake waliizoea upesi. Bi Ena wa juu kabisa kilimani aliomba majani mawili ya supu. Akakatiwa, akayasifu, na kesho yake yalikuwa yameota tena.

Mwezi Mei Wilf alitokea na ndoo. Walikuwa hawajasemezana tangu mahakamani. Alilizunguka gari mara mbili, akavua kofia.

"Umeilisha nini hii?"

"Sijailisha kitu, Mzee Wilf. Ni hatia tu."

"Acha utani! Hatia gani ina shingo nyeupe hivi?" Aliipapasa kwa kidole gumba. "Haya. Nilisema mwanamke hajui. Nilikosea."

"Sijasikia vizuri."

"Potelea mbali, mwanamke wee!"

Wakacheka wote wawili, mpaka Wilf akashika mlango asianguke. Kisha akaimwagilia maji yaliyochanganywa na bia nyeusi, siri aliyomficha hata marehemu mkewe. Tangu hapo alikuja kila siku saa kumi.

Mwezi Juni Wilf aliiandikia kampuni ya bima barua, kwa herufi kubwa kubwa. Alieleza kwamba liki zilikuwa zake, aliyekosewa ni yeye, na ameshasamehe, kwa hiyo wampunguzie mama wa watu. Jibu lilipofika alimletea Audrey amsomee, kwani mtoto wa jicho alikuwa ameyaziba macho yote mawili. Mwaka huo Wilf alikuwa amegonga sanduku la posta, ukuta wa kanisa na gari la mwoka mikate, yote mtaa mmoja. Hakuna aliyeripoti. Angeripotiwa vipi, na sote tunampenda?

"Wanasemaje?"

"Wanakushukuru. Fomu yao haina mahali pa kuandika msamaha. Malipo yangu yanabaki vilevile." Audrey aligeuza karatasi. "Halafu wameangalia rekodi zako, wakaona huna hatia yoyote. Bima yako watakupa kwa nusu bei. Wanasema wewe ni dereva salama."

Wilf aliipokea karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Na utakubali?" Audrey akauliza.

"Kwani mimi mjinga? Ila leo nipeleke wewe kwa daktari wa macho."

Alipapasa ubavu wa gari akitafuta kitasa, akakipata mara ya tatu, akaketi nyuma ya liki. Audrey akatazama vioo vyote vitatu, akaondoka taratibu.