Mshale wa Lubna

Harith, mtoto wa mjomba wangu, alipoanza kutengeneza mchezo wake wa simu, mimi ndiye niliyempa sauti. Msafiri anatafuta pete iliyopotea, toka kisiwa cha Ndau mpaka kijiji cha Chundwa hadi mtaani kwetu Wiyoni, na ramani hana. Kila nyumba abishe hodi, angoje, ndipo bibi wa ndani amjibu na kumwelekeza ndia. Bibi huyo ni mimi. Nilirekodi nimejifunika blanketi kichwani ili kuku wasisikike, Harith kasimama mlangoni akinicheka. Nyumba ya mwisho, yenye pete, Harith aliichora kama nyumba ya kwao mwenyewe, na mlango wake wa kijani.

Kisha akaja Lubna kumsaidia, kasomea kompyuta Mombasa. Akatia mshale wa kuonyesha ndia. Waufuata tu huo mshale, huulizi mtu.

"Siku hizi nani ana saburi ya kupiga hodi?" akasema. "Watachoka, waufute mchezo."

Musab, rafiki ya Harith, akaujaribu pale barazani. Chai niliyomtilia haijapoa, pete kashaipata. Sauti yangu hakuisikia hata neno.

"Mtamu, wallahi! Ule wa kwanza ulikuwa kama kutafuta mke, hodi hodi kila nyumba."

Harith akacheka. "Basi sauti tuziondoe, mchezo uwe mwepesi."

Nikamtilia Lubna chai, sukari nikaisahau. Makusudi.

Lubna akaichukua simu. "Ngoja kwanza niujaribu bila mshale."

Akafika nyumba ya kwanza, akaingia moja kwa moja.

"Wewe! Mbona waingia kama mbuzi? Toka nde!" simu ikamfokea kwa sauti yangu.

Musab alicheka mpaka akamwaga chai. Lubna akarudi mlangoni, akabisha hodi, akangoja, akajibiwa.

"Huyu bibi ni nani? Nimempenda!"

"Nusra," akasema Harith. "Huyo mwenye birika."

Lubna akanigeukia. "Bi Nusra, huondoki. Atakaye mshale auwashe, asiyeutaka aje kwako."

Ningefurahi. Lakini aliyenibakisha ni yeye, na hilo ndilo lililoniuma. Harith hata hakuniangalia. Alikuwa akimtazama Lubna na kidole chake juu ya kioo, akimcheka vile vile alivyonicheka mimi na blanketi langu.

Na sauti yangu, tamu, yenye adabu, ikawa yamwelekeza: pita kisima, pinda kushoto, nyumba ya mlango wa kijani. Karibu, mwanangu. Ingia.