Ndoa za Sungura wa Kibeta

Mzee Rutashobya alitoka Muleba kwa basi la asubuhi, akaketi kwetu Hamugembe, akatafuna buni za kahawa tulizomkaribisha nazo, kama ilivyo desturi yetu Wahaya, mpaka kikapu kikabaki kitupu, ndipo akatamka kwamba mwanawe Mwijage hatamwoa dada yangu Joviana mpaka sungura wangu wapate wajukuu.

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Joviana aliosha vyuma vya mashine katika kiwanda kimoja cha kahawa mjini, kwa dawa ya kuondolea grisi ambayo wafanyakazi waliiita maji makali. Uvumi ukazagaa kwamba inaharibu kizazi, kiwanda kikaiomba maabara yetu ya mifugo pale Kibeta ichunguze, na mimi, Ildefons, mwenye cheti cha Morogoro, nikakabidhiwa sungura ishirini na nne, nikaenda kujigamba kilabuni.

"Mikono hii ilizama katika maji hayo hayo, kiwanda hicho hicho, miaka kumi na minane, tangu kabla sijamzaa hata mmoja," alisema Mzee, akitunyooshea vidole. "Tazameni kucha, safi kama za padri. Na nimezaa tisa! Lakini mwanamke ni kitu kingine. Nina wakaza mwana wawili tayari, wote wamezaa mtoto mmoja mmoja wakachoka. Sitaki mvivu wa tatu. Sungura hawadanganyi."

Joviana alikuwa nyuma ya pazia, akisikia kila neno. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na alimpenda Mwijage kiasi cha kunitia aibu mimi kaka yake. Sungura wakisema vibaya, angebaki nyumbani. Nilimwonea huruma hadi nikamkasirikia.

Mpango ulikuwa rahisi. Sungura wa vizimba vya kulia walipakwa maji makali mgongoni kila asubuhi, wa kushoto maji ya bomba. Kisha wa kulia wazae na wa kulia, wa kushoto na wa kushoto, na watoto wao, ambao hawatapakwa chochote, wafanye vivyo hivyo. Hapo tungejua kama madhara yanarithiwa. Wazazi wa pande zote mbili walizaa kama wanaolipwa posho.

Watoto walipokomaa nikaitwa semina ya wiki tatu kuhusu kilimo cha kufa na kupona. Nikamwachia kazi Mzee Rugaibula, mlishaji wetu. "Kulia kwa kulia, ila wa mama mbalimbali," nilimwambia mara tatu.

Niliporudi majike wote walikuwa wameshapandishwa.

"Kulia kwa kulia?" nikamuuliza.

"Hapana, waitu," alijibu, amekasirika kunishinda. "Wale wa kulia ni nyumba moja. Mimi, mtu mzima, nioze ukoo mmoja wenyewe kwa wenyewe? Muziro huo, mwiko! Wavulana wa kulia nimewaoza wasichana wa kushoto. Wavulana wa kushoto wamechukua wa kulia."

"Mbona wazazi wao tuliwaoza hivyo hivyo?"

"Wale tuliwanunua sokoni, kila mmoja na kwao. Hawa wamezaliwa hapa."

Nilimtukana kwa Kihaya, nikaendelea kwa Kiswahili, nikamalizia na Kiingereza kidogo cha chuo. Nyumbani nilimwambia Joviana kwamba kazi ya mwaka mzima imeharibika. Hakulia. Aliuliza tu kama Mzee Rugaibula aliandika nani kaoana na nani. Aliandika yote, daftari zima, kila bwana harusi na bibi harusi wake.

Sungura walipozaa nilikaa sakafuni na daftari hilo. Wasichana wa kulia walizaa saba, wanane. Lakini wake wa wavulana wa kulia walizaa wawili, mmoja, na wengine hawakuzaa kabisa. Wavulana hao hawakuguswa na tone la maji makali maishani mwao. Walirithi tu. Rugaibula angenisikiliza, ningejua kwamba nyumba ya kulia ina tatizo, nisijue liko kwa nani. Nilimnunulia pombe ya rubisi debe zima, akalipokea bila kuniangalia.

Kiwanda kiliondoa mapipa ya dawa ile. Mzee Rutashobya akarudi na Mwijage, akapewa kikapu cha kahawa, nami nikamsomea.

"Waliopakwa wenyewe walizaa vizuri," nilisema. "Binti zao pia. Waliopungukiwa ni wana wao wa kiume."

Mzee alitazama kucha zake. Nadhani aliwakumbuka wale wakaza mwana wawili, maana aliificha mikono ndani ya kanzu.

"Sungura si watu," alisema hatimaye.

Joviana alitoka nyuma ya pazia bila kuitwa, jambo ambalo shangazi zetu wanalisimulia mpaka leo. "Mwaka mzima walikuwa watu, tata," alisema. Akachukua kikapu, akampita Mzee, akakiweka mbele ya Mwijage. "Mimi hata mmoja atanitosha. Hata tukibaki wawili. Wewe je?"

Mwijage alichukua buni moja, akaitafuna huku machozi yakimtoka. Baba yake hakunyoosha mkono.